NDOA YA BINAMU: HALALI, MWIKO NA DAMU



Ndugu zangu wanafunzi, pamoja na wazazi wetu mnaosoma gazeti hili majumbani. Mwaka huu, tulipofika kwenye mlango wa ndoa katika somo la fiqhi, darasa la wakubwa lilikwama vipindi vitatu mfululizo kwenye jambo moja: je, inafaa mtu kumuoa mtoto wa mjomba wake, au wa ami, au wa shangazi? Wenye asili ya Ujiji, Tanga na Tabora walisema mbona hilo ni jambo la kawaida. Wenye asili ya hapa hapa Mara, Wazanaki, Waikizu, Wajita na Wakurya, walishika vichwa. Mwanafunzi mmoja alisema waziwazi kuwa afadhali abaki bila mke kuliko kumuoa dada yake. Akajibiwa kuwa huyo si dada yake. Naye akasema, "Kwenu." Basi darasa likacheka, lakini swali likabaki pale pale.

Nimeombwa niliandike somo hilo. Nitaligusa kwa pande zote, kwa sababu kila upande uliosema siku ile ulikuwa na sehemu ya haki, na kila upande ulikosea mahali.

SHERIA INASEMAJE?

Wanawake walioharamishwa kuolewa kwa sababu ya nasaba wametajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 23: mama, binti, dada, shangazi, mama mdogo au mkubwa, binti wa kaka na binti wa dada. Binamu hayumo. Aya inayofuata inahalalisha wasiotajwa, na katika Surat Al-Ahzaab, aya ya 50, mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo wametajwa kwa uwazi kuwa ni halali. Kwa hiyo anayesema kuwa ndoa ya binamu ni haramu katika Uislamu amekosea, hata kama nia yake ni njema.

Wengi hutoa mfano wa Sayyidna Ali na Bibi Fatma. Mfano huo hautoshi, kwa kuwa Ali alikuwa mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w.), si wa ami yake Fatma. Mfano ulio sawasawa ni wa Bibi Zaynab, binti wa Mtume, aliyeolewa na Abul-Aas bin Rabii. Mama yake Abul-Aas alikuwa Hala, dada yake Bibi Khadija. Hao ndio watoto wa dada wawili. Na Mtume mwenyewe alimuoa Zaynab bint Jahsh, ambaye mama yake alikuwa Umayma, shangazi yake Mtume.

Lakini kuhalalishwa si kuamrishwa. Hapa ndipo wenzetu wa upande wa pili walipokosea. Mtume (s.a.w.) huyo huyo alimuoa Juwayriyya wa Bani Mustaliq na Safiyya wa Bani Nadhir, watu wa mbali kabisa na ukoo wake. Na sisi ambao tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, tufungue vitabu vyetu vizuri. Imam Nawawi, katika Minhaj, alipotaja sifa zinazopendekezwa kwa mke, alitaja pia kuwa asiwe jamaa wa karibu sana. Imam Ghazali naye alilitaja jambo hilo katika Ihyaa. Wanazuoni hawa waliishi miaka mia saba na zaidi iliyopita, na hawakuwa na darubini ya kutazamia damu. Kuna maneno yanayotajwa sana kuwa ni hadithi, yanayowataka watu waoe ugenini ili watoto wasiwe dhaifu. Wataalamu wa hadithi hawakuyathibitisha kuwa ni ya Mtume, kwa hiyo tusiyatumie kama dalili.

Basi Mzanaki anayekataa kumuoa binamu yake kwa kuwa moyo wake na desturi yake vimekataa hana dhambi yoyote. Asichoruhusiwa ni kusema kuwa Allah ndiye aliyeharamisha. Na mama wa Kiujiji anayetaka mwanawe amuoe mtoto wa mjomba hana dhambi pia. Asichoruhusiwa ni kumlazimisha kijana au binti kwa kisingizio cha Sunna. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo haikuwataja mabinamu katika orodha ya wasioruhusiwa kuoana, na inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Niongeze jambo dogo linalosahaulika. Katika familia ambazo watoto hulelewa pamoja, ulizeni kwanza habari ya kunyonya. Kama shangazi alimnyonyesha kijana huyo akiwa mchanga, mama yake akiwa mgonjwa au safarini, na ikafika mara tano kabla ya miaka miwili, basi watoto wa shangazi ni ndugu zake wa kunyonya na mjadala umekwisha. Mabibi ndio wenye habari hizo. Waulizwe wangali hai.

DAMU INARITHIWAJE?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa bedui mmoja wa Bani Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na mashaka, kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza kama ana ngamia na rangi zao ni zipi. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama hakuna wa kijivu kati yao. Akasema wapo. Akamuuliza hao wametoka wapi, naye akajibu kuwa labda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa labda na mtoto wake amevutwa na asili ya nyuma. Tazameni jinsi mwanamke yule alivyoepushwa na tuhuma kwa hesabu ya ngamia tu.

Asili hiyo ya nyuma ndiyo ambayo walimu wa baiolojia wanaiita vinasaba. Kila mtu hupokea vinasaba nusu kwa baba na nusu kwa mama, vikiwa jozi jozi. Yako maradhi ambayo hayajitokezi mpaka jozi nzima iwe na kasoro. Mwenye kasoro upande mmoja ni mzima, analima, anachimba, anacheza mpira, wala hajui kuwa amebeba kitu. Akioana na mwenye kasoro ile ile, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Si kwamba mtoto wa nne ndiye atakayeugua. Kila mimba ina hesabu yake mpya, kama kurusha sarafu.

Mabinamu wa kwanza wana babu na bibi wa pamoja, na kwa wastani sehemu moja kati ya nane ya vinasaba vyao imetoka kwa wazee hao hao. Kwa hiyo kama babu alibeba kasoro fulani, wajukuu wawili wanaweza kuwa wameirithi wote wawili. Hiyo ndiyo hatari ya ndoa ya binamu, wala haina muujiza mwingine.

Ni kubwa kiasi gani? Katika mji wa Bradford, Uingereza, ambako Wapakistani wengi huoana binamu kwa binamu, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 11,000, na mwaka 2013 wakatoa matokeo. Katika watoto 100 wa wazazi wasio na udugu, 3 hivi walizaliwa na kasoro za maumbile. Katika watoto 100 wa mabinamu wa kwanza, walikuwa 6. Yaani hatari iliongezeka maradufu, lakini pia 94 walizaliwa bila kasoro hizo. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kwa wanawake wa Kiingereza, kuzaa baada ya umri wa miaka 34 nako kuliongeza hatari maradufu. Mwenye kusema kuwa mabinamu huzaa vilema watupu hana elimu hiyo, na mwenye kusema hakuna neno kabisa hana pia.

Na msidhani ni jambo la Waislamu peke yao. Charles Darwin, mtaalamu maarufu wa Uingereza, mwaka 1839 alimuoa Emma Wedgwood, mtoto wa mjomba wake. Walizaa watoto kumi, watatu wakafa wangali wadogo, na baba yao akaishi na wasiwasi kuwa huenda udugu ule ndio sababu.

HESABU ZA MUSOMA

Sasa tuje nyumbani. Watu wengi hawajui kuwa damu ya wazee wetu wa wilaya ya Musoma imo katika vitabu vya vyuo vikuu duniani. Wakati huo Butiama haikuwa wilaya, na Buhemba yetu ilikuwa ndani ya Musoma. Katika miaka ya 1950, daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikuwa akipima damu za watu wa Afrika Mashariki ili kujua habari ya selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hujikunja zikawa kama mundu wa kukatia majani. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hufa mapema.

Hesabu za Musoma zilitolewa mwaka 1956. Zinaeleweka hivi: AA ni mzima kabisa, AS amebeba upande mmoja tu, na SS ni mgonjwa. Katika watoto wachanga 287, AA walikuwa 189, AS 89 na SS 9. Katika watu wazima 654, AA walikuwa 400, AS 249 na SS 5.

Wanafunzi, msizipite haraka namba hizo. Katika watoto 100, wagonjwa walikuwa 3 hivi. Katika watu wazima 100, hata 1 hakutimia. Wale wengine walikwenda wapi? Walikwenda makaburini, wengi wao kabla ya kufikia umri wa kuingia madrasa. Na AS je? Kwa watoto walikuwa 31 katika 100, kwa watu wazima 38. Wao waliongezeka. Allison alionyesha kuwa mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na sisi wa ukanda wa Ziwa malaria tunaijua. Ndiyo maana kinasaba hiki hakikwisha huku. Kiliwakinga wengi na kikawaua wachache, kizazi baada ya kizazi.

Si habari ya zamani tu. Kati ya mwaka 2017 na 2018, hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipima sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, na Mara ikiwemo. Waliobeba AS walikuwa 20 katika kila 100. Wagonjwa walikuwa zaidi kidogo ya 1 katika 100. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuzaa watoto wenye selimundu.

Haya, tupige hesabu ubaoni. Ikiwa mtu 1 kati ya 5 ana AS, basi ndoa 1 kati ya 25 ni ya AS kwa AS, hata kama mume ametoka Tarime na mke Sengerema na hawajawahi kuonana babu zao. Zidisha kwa robo, utapata mtoto 1 katika 100. Ndiyo hesabu ile ile ya Bugando.

Sasa chukua familia ambayo tayari imezaa mtoto wa SS. Wazazi wote wawili wamebeba. Kaka yake aliye mzima ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa AS. Akimuoa mgeni kabisa wa ukanda huu, hatari kwa kila mtoto ni 1 kati ya 30 hivi. Akimuoa binti wa mjomba wake, ni 1 kati ya 18 hivi. Binamu ana hatari zaidi, hilo ni kweli. Lakini mgeni naye si salama kama tunavyodhani! Mwiko wa ukoo unaepusha mengi, na ninauheshimu, ila hauwezi kuepusha kitu ambacho mtu mmoja kati ya watano amekibeba.

Nalisema hili kwa uchungu. Ninafahamu nyumba, wala sitaitaja, ambayo ilizika watoto watatu. Walivimba vidole vya mikono na miguu wangali wachanga, wakawa na macho ya njano, wakaishiwa damu mara kwa mara, wakalia kwa maumivu ya mifupa usiku. Baba na mama hawakuwa na udugu wowote. Majirani walisema ni bibi mzaa baba anayewala. Bikizee yule alihama kijiji kwa kuogopa kuuawa, na alifia ugenini. Hakuna aliyempima mtu yeyote damu.

POSA ILIYOFIKA KWETU

Miaka miwili iliyopita, mama mmoja wa asili ya Ujiji alitaka mwanawe amuoe binti wa kaka yake mama huyo, yaani mtoto wa mjomba. Ndugu wale wawili walikuja Buhemba na wazazi wao kwa ajili ya machimbo ya dhahabu, kama walivyokuja wengi. Lakini kaka alikuwa ameoa Mzanaki, na mke yule aliposikia posa alikataa katakata. "Wifi, watoto hawa wamekula sahani moja. Kwetu hili halisemwi hata gizani." Mama wa kijana akaona amedharauliwa, na dini yake imedharauliwa. Mjomba akawa katikati, hana la kusema. Ikafika kwetu madrasa. Wameniruhusu kusimulia bila majina.

Niliwaeleza hukumu kama nilivyoieleza hapa. Kisha nikauliza kama kuna mtoto aliyewahi kufa. Mama wa kijana akanyamaza. Kisha akasema kuwa alikuwa naye, mdogo wake huyu kijana, alifariki akiwa na miaka minne, alikuwa akilia mikono na miguu. Hapo hata wifi yake aliacha kugombana, akamsogelea.

Vijana walikwenda kupima Musoma. Hapa niwape tahadhari wazazi: kipo kipimo rahisi ambacho kinaonyesha tu kuwa sikoseli ipo katika damu, bila kutenganisha aliyebeba na aliye mgonjwa. Msirudi nyumbani na jibu la "unayo" au "huna". Ulizeni: ni AA, AS au SS? Ikibidi sampuli ipelekwe kwenye hospitali kubwa zaidi, ipelekwe.

Wote wawili walikuwa AS. Kijana alisema bado anamtaka, na hilo halikuwa haramu kwake. Binti ndiye aliyesema hapana. Alisema hawezi kuingia katika ndoa akijua kila mimba ni robo. Mama wa kijana alilia sana, lakini hakuna aliyemlaumu binti yule, na jamaa hawakukatana udugu. Nadhani tulipima kwa wakati. Ingekuwa mahari imeshalipwa na kadi zimeshagawiwa, sijui kama kuna mtu angepata ujasiri ule.

WENZETU WANAFANYAJE?

Saudi Arabia, ambako ndoa za jamaa ni nyingi, ilianza mwaka 2004 kulazimisha vipimo vya selimundu na maradhi mengine ya damu kabla ya ndoa. Hawakuwakataza mabinamu kuoana. Walipima, wakawapa majibu, wakawaachia waamue. Mwaka ule wa kwanza, katika kila wachumba 100 waliokutwa na hatari, 9 tu waliacha kuoana. Kufikia mwaka 2009, zaidi ya nusu waliacha. Watu hubadilika wakishaelewa, lakini inachukua muda. Oman, ambako utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ndoa ni za jamaa au za watu wa kabila moja, nayo ilitangaza kuwa kupima kabla ya ndoa ni lazima kuanzia mwaka 2026. Kule Bradford, ndoa za jamaa kati ya akina mama wa asili ya Pakistani zilishuka kutoka 62 hadi 46 katika kila 100 kwa muda wa miaka kumi hivi. Norway ilichukua njia nyingine: mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kukataza kabisa ndoa ya binamu. Mimi naona njia ya kupima ina busara zaidi kwetu, kwa sababu kukataza binamu Buhemba kungewaacha wengi wa AS waendelee kuoana bila kujua.

Na wenye SS tusiwazike wangali hai. Siku hizi wapo wanaosoma vyuo, wanaooa na kuzaa. Bugando na Muhimbili zina kliniki zao. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Mtoto mwenye SS atumie chandarua, anywe maji mengi, asikose kliniki, na akiwa na homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anapokosa madrasa kwa maumivu, walimu wasimpige. Hata sisi tuliwahi kukosea.

Nimalizie habari ya binti yule. Mwaka uliofuata alipata mchumba kutoka Bunda, hana udugu naye hata wa mbali. Mama yake alifurahi mno, akasema huyu ni mgeni, hana neno, tupange siku. Binti akamwambia mama asubiri, kisha akamtumia mchumba swali moja kupitia kaka yake: "Umepima?" Kijana hakuwa amepima. Alikwenda, akarudi na karatasi yenye AA. Nikaha ilisomwa baada ya Ramadhani, na maulidi yalisomwa katika uwanja wetu huu.

ZOEZI. Wanafunzi wa darasa la tano na kuendelea wajibu katika madaftari. Mume ni AS na mke ni AA: je, wanaweza kuzaa mtoto wa SS? Na wajukuu wao je? Mume ni SS na mke ni AS: katika kila mimba, nafasi ya kuzaa mtoto wa SS ni ngapi? Andika nasaba ya Abul-Aas na ya Bibi Zaynab mpaka wanapokutana kwa upande wa mama. Na swali la mwisho mwulize bibi au babu yako nyumbani: katika ukoo wetu, ni watoto gani waliofariki wadogo, na walikuwa wakiumwa nini?